Tupeane uzoefu: betri ya pili kwenye gari la kulala mnaifunga wapi?

HiaceYaMoshi

Wakuu, salaam zenu.

Jumamosi tulikuwa tunatoka Karatu kurudi nyumbani, mimi na mke wangu, na ile Hiace yetu ya dizeli, injini ya 5L, niliyong'oa viti vya nyuma nikaweka kitanda, benchi na friji ya lita 40. Kabla hatujafika Makuyuni kundi la ng'ombe likaingia barabarani. Nilikuwa kwenye themanini. Nikakanyaga breki mpaka mwisho, gari likasimama, ng'ombe wakapita salama, mchungaji akaninyooshea fimbo ya asante. Ila nyuma nilisikia kitu kinaburuzika, kisha pu! Betri ya friji, ampea 100, kilo 28, ilikuwa imechomoka kwenye kreti la soda chini ya benchi, ikateleza sakafuni na kugota kwenye miguu ya kiti cha mke wangu. Waya wa chanya umeng'oka, kichwa chake kinaning'inia kiganja kimoja tu kutoka kwenye reli ya kiti. Nilizima gari, nikashuka, nikakaa juu ya jiwe. Mikono ilikataa kushika hata simu.

Nimeuliza mafundi watatu hapa Arusha, nimepata majibu matatu. Wa kwanza anataka tuifunge chini ya gari, pale linapokaa tairi la spea. Wa pili anasema mbele karibu na injini, waya uwe mfupi. Wa tatu anasema ibaki ndani ila isukumwe nyuma kabisa, mlangoni, iwe mbali na watu.

Mnaolala barabarani kweli, naomba uzoefu wenu. Safari zetu ni Ruaha na, Mungu akipenda, Katavi. Sizungumzii lami.

KimyaKimya

Kreti la soda... Na mimi niko hivyo hivyo. Nakaa hapa nasoma.

KiparaWaNdutu

Kaka pole, na mpe pole shemeji yetu.

Hilo la chini ya gari nilifanya mimi, kwa hiyo naongea nilichokiona. Land Cruiser ya wageni, viti saba, friji ya vinywaji pamoja na soketi za kuchajia kamera. Fundi alinichomelea sanduku la chuma upande wa kushoto nyuma ya ekseli. Lilipendeza. Safari ya kwanza sawa, ya pili sawa. Ya tatu ilikuwa Machi, Ndutu, msimu wa nyumbu kuzaa, na mnajua udongo mweusi wa Ndutu mvua ikishuka. Nilizama mara mbili kwa siku moja, matope yakajaa mpaka ndani ya sanduku. Tukatoka, tukapiga ile barabara ya Naabi ambayo ni mawimbi mwanzo mwisho, kila tairi la mbele linarusha mawe nyuma kama kombeo.

Seronera mgeni akaniambia friji haina ubaridi. Nikalala chini ya gari kuangalia. Jiwe lilishatoboa kona ya sanduku, na mtikisiko ukafanya ile kona iliyopinda isage ganda la betri mpaka likapasuka. Tindikali ilishuka ikala braketi. Betri ilikuwa inaning'inia kwa bolti moja na waya wake. Kilo karibu 30 zinaning'inia chini ya gari, na nyuma yangu gari lingine la kampuni yetu lilikuwa linafuata. Ningeiangusha pale mbele ya tairi lao!

Nyama ya wageni ya siku tatu niliigawa kambini usiku ule. Tangu hapo sirudii chini.

NyundoMoja

Tatizo lilikuwa uchomeleaji, mahali pale pako sawa kabisa. Chuma cha milimita 5, mpira chini, mpira juu, bamba la kuzuia mawe kwa mbele, matundu ya kutolea maji. Nimefunga nyingi chini na ziko barabarani hadi leo. Chini huibi nafasi ya ndani, na betri ikipumua inapumulia nje. Msiwatishe watu.

KiparaWaNdutu

Ndugu yangu, hayo magari yanakwenda wapi? Kama ni Dodoma kwa lami nakubaliana na wewe.

NyundoMoja

Yanakwenda kila mahali. Wewe ulipewa kazi ya bati ukaacha kuikagua safari tatu.

KiparaWaNdutu

Kukagua nilikagua kila jioni, nilichokuwa naona ni tope. Hilo ndilo kosa la chini: huioni mpaka ulale kwenye matope, na mwongoza wageni aliyechoka saa 2 usiku halali kwenye matope. Usinifundishe kazi yangu.

FundiWaya

Tulieni wazee, wote mna sehemu yenu ya ukweli.

Mwenye mada, kabla ya kuuliza wapi, sema kwanza ni betri gani. Ya maji, ile yenye vifuniko sita vya kuongezea? Kavu iliyozibwa? Au lithiamu? Jibu linabadilika. Halafu nimesoma kitu kimoja kikanikosesha raha: ule waya wa chanya ulioning'inia, upande wa pili umeungwa wapi?

HiaceYaMoshi

Ya maji, vifuniko sita. Waya umetoka kwenye betri kubwa ya gari kupitia rilei, ili injini ikiwaka zote zichajiwe.

FundiWaya

Fyuzi iko wapi?

HiaceYaMoshi

Iko kwenye friji.

FundiWaya

Basi kaka, siku ile mliponea zaidi ya unavyojua. Injini ilikuwa inawaka, rilei imefunga, kwa hiyo kile kichwa kilichoning'inia kilikuwa na moto wa betri kubwa na alteneta, bila fyuzi hata moja katikati. Kingegusa ile reli, reli ni chuma cha bodi, bodi ni hasi. Hapo ampea zinapita kwa mamia, waya unakuwa mwekundu kama wa hita, plastiki inashika, zulia linashika. Na juu yake una godoro.

Waya unaounganisha betri mbili una vyanzo viwili, kwa hiyo unataka fyuzi mbili, moja kila ncha, karibu na betri iwezekanavyo. Mimi sizidishi sentimita 20. Fyuzi ya kwenye friji inalinda friji tu. Fanya hilo leo, hata kabla ya kuamua mahali.

Sasa kuhusu mafundi wako. Wa pili, anayesema mbele karibu na injini: kwenye Hiace hiyo injini iko chini ya viti vya mbele. Kila aliyewahi kukaa pale kutoka Moshi hadi Dar anajua lile joto la makalioni. Betri ya risasi inachukia joto, kila nyuzi 10 zikiongezeka juu ya 25 umri wake unakatika karibu nusu. Lithiamu usiifikirie kabisa pale. Na habari ya waya mfupi ni kweli kwa inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, kwa friji siyo kweli. Friji inakula kama ampea 5. Waya wa milimita za mraba 6, umbali wa mita 4 kwenda na 4 kurudi, unapoteza kama volti 0.12, friji haitahisi. Inveta ya wati 1,000 ndiyo inavuta karibu ampea 100, na hata ukiweka waya wa 16 umbali huohuo unapoteza karibu volti nzima, inveta inaanza kulia. Kwa hiyo inveta ndiyo ikae jirani na betri. Friji iweke popote.

MsafiriWaChalbi

Niko Nairobi, na yule fundi wa tatu wa mlangoni ndiye nilimsikiza. Nikujibu kwa niaba ya springi zangu.

Matatu ya zamani, tumeibadilisha ikawa nyumba. Nikaweka betri mbili nyuma kabisa, na juu yake tangi la maji la lita 60, kwa sababu mlango wa nyuma ulinipa urahisi wa kufungua na kuosha. Hesabu: kilo 56 za betri na 60 za maji, zote nyuma ya ekseli. Hadi Marsabit ni lami, gari linaenda vizuri ila mbele naona kama linaelea, usukani mwepesi kupita kawaida. Tulipoacha lami kuelekea North Horr na Loiyangalani, kila shimo nyuma inapiga chini. Springi ya kulia ilikatika Chalbi, majani matatu kwa mpigo. Tulilala pale siku mbili tukisubiri lori. Joto, upepo, mtoto wangu analia. Nilijilaumu sana.

Uzito uukalishe kati ya ekseli mbili, chini kabisa, katikati au upande ulio mkabala na dereva. Huo ndio ushauri wangu na nimeulipia. Na kitu kingine: gari likikugonga nyuma kwenye foleni, ile betri ndiyo inapokea kwanza.

BodabodaMstaafu

Betri ni abiria, ikate tiketi ikae kwenye kiti ifunge mkanda.

MswahiliHamburg

Bodaboda kasema kwa utani lakini ndiyo hesabu yenyewe inavyokwenda. Huku Ujerumani nilipojenga Sprinter yangu niliambiwa nifunge kila kitu kizito nikifikiria mshtuko wa mara 20 ya uzito wake. Betri ya kilo 28 mara 20 ni kilo 560, inakuja mgongoni kwako. Mkanda wa kukazia mizigo unazuia isicheze, lakini siku ya ajali nataka chuma kilichopita sakafuni, chini kuna bamba pana la kusambaza nguvu, kimeshika fremu. Bati la sakafu peke yake linachanika kama karatasi.

Kwangu betri ya gari lenyewe iko chini ya sakafu, miguuni kwa dereva, ndivyo Sprinter ilivyokuja kutoka kiwandani. Ya pili nikaiweka nyuma ya kiti cha dereva, ndani ya msingi wa benchi. Ni lithiamu ya ampea 100, kilo 12. Hilo lilinisaidia pia kwenye uzito, kwa sababu leseni yangu ya B inaishia kilo 3,500 gari na vyote vilivyomo.

Ila nisiwauzie lithiamu kama dawa ya kila kitu. Wakati wa baridi, chini ya nyuzi 0, haitakiwi kuchajiwa, inaharibika ndani kwa ndani. Kwa hiyo huku chini ya gari hapafai kwa sababu mbili, baridi na chumvi wanayomwaga barabarani. Ndani, karibu na hita, ndiyo pake.

BinMaskati

Assalaam alaykum jamaa. Mwenzetu wa Hamburg anaogopa baridi, sisi huku Omani tunaogopa kinyume chake. Gari ukiliacha juani Julai na vioo vimefungwa, kaa la moto lina nafuu. Mimi betri yangu ya lithiamu niliipandisha juu, kwenye keria, ndani ya sanduku jeusi jirani na paneli za sola, nikaona waya utakuwa mfupi na ndani nitabaki na nafasi. Bwana wee! Tulikwenda kwenye michanga ya Sharqiya mwezi wa Mei. Saa 5 asubuhi jua linawaka, paneli zina nguvu zote, na betri imekataa kuchaji. Mlinzi wake wa ndani kaikata kwa joto. Nyingi za aina hii kikomo chao cha kuchaji ni baina ya nyuzi 45 na 55. Yaani jua lipo tele, umeme huna, friji inaharibu samaki wangu wa nguru niliomchukua Sur.

Na gari likawa juu zito, kwenye mteremko wa mchanga likanipa tashwishi. Nikaishusha siku ileile niliporudi. Sasa iko chini ya kitanda, upande wa kivulini, na nimeiachia nafasi ya vidole vinne pande zote ipate kupumua.

NyundoMoja

Kwenye keria! Hapo nakubali, juu hapana.

KimyaKimya

Wakuu, ndani, chini, kati ya ekseli. Nimeelewa. Lakini ya maji chini ya kitanda ninacholalia?

MamaChungu

Nilikuwa nasoma tu, swali la KimyaKimya limenifanya niandike. Nimepika kwenye safari za kambi miaka mingi. Hili sijaliandika popote.

Mwaka 2017 tulikuwa Natron na wageni kumi na moja, gari ni Coaster iliyobadilishwa, nyuma kuna vitanda vya wafanyakazi. Chini ya kitanda kulikuwa na betri mbili za maji kwa ajili ya friji na taa za kambi, ndani ya sanduku la plaiwudi. Usiku tulikuwa tunazichaji kwa jenereta, kwa chaja ya kawaida ya dukani, ile isiyojua kusimama betri ikijaa.

Siku mbili kabla, vijana waliolala mle walilalamika harufu ya mayai viza. Mimi ndiye niliyekuwa nasimamia vifaa. Nikaona nitawasaidia walale. Nikachukua mpira wa mlango wa friji la zamani, nikauzungusha kwenye kifuniko cha sanduku, nikakibana kwa skrubu nne. Harufu ikaisha. Nilifurahi.

Sikujua kwamba ile harufu ndiyo betri ilikuwa inaomba msaada. Imejazwa kupita kiasi, inachemka, inatoa hewa, nami nikaiziba mdomo.

Asubuhi saa 12 na nusu nilikuwa nakoroga uji. Kijana wetu wa jiko, miaka ishirini na mbili, akaenda kutoa chaja kwa sababu jenereta ilikuwa inawasumbua wageni. Akafungua skrubu, akainua kifuniko, akainama aone, akachomoa klipu. Jenereta bado inawaka. Chaja haijazimwa. Cheche moja.

Mlio ulikuwa kama tairi la lori. Kitanda kiliinuka. Nilipofika mlangoni ametoka mwenyewe anatembea, ameziba uso kwa mikono, na fulana yake inatoboka huku namwangalia. Nilimlaza chini, nikamfunua macho kwa vidole vyangu, nikaanza kumwagia maji. Tulikuwa na madumu sita ya lita 20, maji ya kunywa ya wageni. Wageni wenyewe waliyabeba. Dereva akasema twende, nikamwambia bado, mwagia kwanza. Kisha tukaondoka, barabara ile ya kwenda Mto wa Mbu, zaidi ya saa tatu, kichwa chake kiko mapajani mwangu, nammwagia kwa kikombe njia nzima. Alikuwa ananiuliza, "Mama, kumekucha?" Jua lilikuwa limeshatoka.

Jicho la kulia lilipona. La kushoto anaona mwanga na vivuli vya watu. Ana duka sasa, ana mtoto wa kike. Hakuwahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo KimyaKimya, mwanangu: ya maji chini ya kitanda, usiilalie hivyo hivyo. Naomba.

KimyaKimya

Mama, nimetoka nje na tochi kufungua sanduku langu. Nimeacha wazi. Asante. Sina neno lingine.

MsafiriWaChalbi

Pole sana Mama. Nimesoma mara mbili, nimemsomea na mke wangu.

BodabodaMstaafu

Mama pole. Naondoa utani wangu. Ila kwa kujua tu, si husemwa maziwa ndiyo yanakata tindikali machoni?

FundiWaya

Hapana! Kaka usiiache hiyo hapa mtu akaifuata. Machoni ni maji safi tu, mengi, mfululizo, dakika 15 kwa uchache na zaidi ya hapo ni bora, jicho limefunuliwa, kisha hospitali. Alichofanya Mama ndicho kilichookoa lile jicho moja. Magadi ni ya sakafu na chuma baada ya mtu kuhudumiwa, hayawekwi machoni.

Mama, pole kutoka moyoni. Nitaeleza kilichotokea mle kwa wengine, siyo kwa kukufundisha wewe. Betri ya risasi ikishajaa na chaja ikaendelea kusukuma, umeme unavunja maji yake kuwa haidrojeni na oksijeni. Ampea moja kwa saa moja ya kujaza kupita kiasi, kwenye betri ya volti 12, inatoa karibu lita 2.5 za haidrojeni. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kuwaka. Sanduku la lita 60 linafika hapo kwa lita 2.4. Yaani saa moja ya ampea moja. Fikiria usiku mzima.

Ndiyo maana: zima chaja kwanza, kwenye swichi, ndipo utoe klipu. Kila siku. Bila kuwaza.

NyundoMoja

Sasa mnaona kwa nini nilisema nje.

KiparaWaNdutu

Leo siwezi kubishana na wewe. Ila yangu ya nje ingemwangukia mwenzangu.

HiaceYaMoshi

Mama Chungu, mke wangu amelia. Anakusalimu.

Fundi, basi niitoe ndani? Au nitoboe sakafu nipitishe bomba la hewa?

BinMaskati

Sheikh, haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa, hupanda. Bomba la sakafuni litaishusha vipi? Tundu liwe juu.

MswahiliHamburg

Huku mabomba yanapita sakafuni na yanafanya kazi, ni kawaida kabisa.

BinMaskati

Kawaida yao haibadilishi maumbile ya hewa, ndugu yangu.

FundiWaya

Mnazungumzia vitu viwili tofauti ndiyo maana hamkutani. Baadhi ya betri zilizozibwa zina chuchu ndogo ya kutolea hewa ubavuni. Ukivisha mpira moja kwa moja kwenye hiyo chuchu, hewa inasukumwa na shinikizo lake, itatoka hata chini ya sakafu. Hiyo ya Hamburg ni sahihi. Lakini betri yenye vifuniko sita inapumulia kila tundu, hewa inajaa sandukuni na kukusanyika juu. Hapo bomba la kutolea litoke juu kabisa ya sanduku hadi nje ya bodi, na tundu la kuingiza hewa liwe chini upande wa pili. Hiyo ya Bin Maskati ni sahihi. Na fyuzi, swichi na rilei zisikae ndani ya sanduku hilo, zote zinatoa cheche.

HiaceYaMoshi, kama ni gari langu, hiyo ya maji ningempa jirani mwenye sola ya nyumbani, iwekwe barazani kwenye hewa. Ndani ya gari la kulala ningeweka kavu iliyozibwa, na bado ningeipa bomba, kwa sababu nayo ikijazwa kupita kiasi valvu zake zinafunguka. Kuhusu lithiamu, ukiwa na fedha ni nzuri, nyepesi, haitoi hewa hiyo kwa matumizi ya kawaida. Ila lazima uwe na chaja ya kati, inayokaa kati ya alteneta na betri na kupima umeme unaopita, usiiunge kwa rilei tupu, itakunywa alteneta mpaka iungue.

MgeniMpya24

Samahani kuingilia. Gari langu ni Rosa, volti 24, betri mbili. Fundi kanitolea friji ya volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili. Ni sawa? Moja inakufa kila miezi sita.

MsafiriWaChalbi

Buda, jibu umejipa. Hiyo moja inachoka peke yake, na alteneta inazijaza zote mbili kama kitu kimoja, kwa hiyo moja inabaki na njaa na nyingine inavimbiwa. Weka kishusha volti cha 24 kwenda 12, au betri ya pembeni kabisa.

NyundoMoja

Nyongeza ya mwisho kutoka kwangu kwa mwenye Hiace. Kabla ya kutoboa sakafu, ingia chini na chaki. Mimi mwaka jana nilitoboa bomba la breki la mteja. Lingekuwa tangi la dizeli sijui. Weka alama chini, toboa kutokea chini kwenda juu kwa msumari mwembamba kwanza.

HiaceYaMoshi

Wakuu narudi na majibu, wiki mbili zimepita.

Betri ya maji imeenda kwa shemeji yangu Machame, iko barazani. Nimenunua kavu ya ampea 100, kilo 29, kwa hiyo uzito haukupungua. Imekaa nyuma ya viti vya mbele, upande wa abiria, mbele ya ekseli ya nyuma, sakafuni kabisa, ubavu wake mrefu umekumbatana na fremu ya chuma cha pembe niliyofunga kwa bolti nne. Bolti mbili zimeshika mhimili wa chesisi, mbili zina mabamba ya sentimita 10 kwa 10 chini. NyundoMoja alinipigia simu akanielekeza, nashukuru sana, hakudai hata shilingi. Juu kuna ukanda wa chuma wenye mpira. Fyuzi mbili, kila ncha moja. Bomba limetoka kwenye chuchu hadi chini ya sakafu.

Nilikwenda uwanja wa mpira asubuhi, mke wangu kabaki nje kwa amri yangu, nikakanyaga breki kwenye hamsini mara tatu. Nikaweka alama ya chaki kando ya betri kabla. Haikusogea hata unene wa kucha.

KiparaWaNdutu

Safi kaka. Ukishapita kilomita mia za kwanza za vumbi kaza tena bolti zote, hata kama huoni kitu. Kisha kila jioni gusa vichwa vya waya kwa nyuma ya kidole. Kilicho na moto kuliko vingine kimelegea.

MamaChungu

Nimefurahi mwanangu. Kijana wetu nimempigia jana usiku, nikamsomea yote haya, hata ya mimi kuandika habari zake, na karidhia. Anauliza: na chaja ya umeme wa kambini utaitumia?

HiaceYaMoshi

Ndiyo Mama, tukifika kambi yenye umeme.

MamaChungu

Basi kasema hivi: chukua rangi, andika juu ya kifuniko ZIMA CHAJA KWANZA. Herufi kubwa, aone hata mtu aliyetoka usingizini.

HiaceYaMoshi

Mwambie nimeandika. Rangi nyekundu. Bado haijakauka.